Kutoka Ambari hadi Kandambili: Tafakuri za Ufukweni Mkokoni

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili tuna mazoea ambayo, lau yangekuwa maradhi, yangalikwisha kupewa jina na dawa. Tukikabidhiwa kazi yoyote, iwe ni utenzi wa beti mia saba au kitendawili cha maneno matatu, swali linalotutangulia mlangoni ni moja: ujumbe wake ni nini? Tumewafunza hivyo wanafunzi wetu, nao wamewafunza wao, hata leo ukimwonyesha kijana wa mwaka wa pili picha ya ng'ombe aliyesimama mvuani, atakuandikia kurasa mbili juu ya unyonge wa mkulima mdogo. Sina nia ya kuishambulia dhamira, imetulisha wengi. Ninalotaka kulieleza ni namna ufukwe mmoja ulivyonifanya niitilie shaka kasi tunayoiendea.

Ufukwe huo ni wa Mkokoni, kijiji cha Wabajuni kilichoko upande wa bara, kikitazamana na kisiwa cha Kiwayu, kaskazini mwa visiwa vya Lamu. Kimo katika eneo la Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979. Jina lenyewe ni somo la mofolojia: nomino mkoko, pamoja na kiambishi cha mahali. Mwanaisimu niliyefuatana naye, mtu mwaminifu mno kwa sarufi, alishuka mashuani akatazama msitu wa mikoko uliokuwa mbele yake, akasema kwamba kwa haki kijiji kilistahili kuitwa Mikokoni. Tulibishana kwa muda, yeye akitetea ngeli, mimi nikitetea wenyeji. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu kando yetu alitusikiliza hata akachoka, kisha akatukata: "Ulipopewa jina ulikuwa mmoja. Hiyo mingine imezaliwa nyuma." Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa historia au mzaha, na nadhani mzee mwenyewe hakuona sababu ya kutenganisha viwili hivyo.

Kila msimu bahari huleta vitu Mkokoni bila kuulizwa. Hufika chupa zenye maandishi yasiyosomeka na mtu yeyote kijijini, maboya yaliyokatika nyavuni, viberiti vya gesi vilivyokwisha gesi, na juu ya vyote, kandambili. Nasema kandambili nikijua kwamba kwingine zaitwa ndara, kwingine malapa, kwingine patipati, na kwamba wengine watadai neno langu ni la kizamani. Neno hilo lina heshima yake. Katika mgogoro ulioigawa klabu ya Yanga ya Dar es Salaam katika miaka ya 1970, kundi moja lilijulikana kwa jina la Kandambili na jingine Raizoni, yaani viatu vya soli nene vilivyokuwa fahari ya vijana wa enzi hizo. Ni mara chache tofauti ya rika na ya mtazamo imewahi kuelezwa kwa muhtasari bora kuliko huo, nasi tuliofundisha nadharia ya ishara kwa miaka hatujapata mfano unaoushinda.

Kandambili ifikayo ufukweni, hata hivyo, ina kasoro moja: aghalabu huja peke yake. Mama mmoja aliyekuwa akiziokota aliniambia kwamba hizi zote zimeachika, na bahari haina kadhi wa kuzipatanisha. Nilidhani huo ni utani tu wa pwani, mpaka nilipokutana na kisa cha Curtis Ebbesmeyer, mtaalamu wa bahari wa Marekani. Mwezi Mei 1990 meli iliyoitwa Hansa Carrier ilipigwa na dhoruba katika Pasifiki ya Kaskazini, ikapoteza makontena yaliyokuwa na viatu vya Nike zaidi ya 60,000. Viatu hivyo vilipoanza kutupwa pwani ya Marekani, Ebbesmeyer alivitumia kuchunguzia mikondo ya maji. Lakini lililonifurahisha zaidi si mikondo. Viatu havikuwa vimefungwa pamoja, kwa hiyo kila mtu aliokota cha mguu mmoja, na wakazi wa pwani ya Oregon wakawa wakikutana rasmi ili mwenye cha kushoto ampate mwenye cha kulia wa saizi yake. Zaidi ya hayo, imebainika kwamba kiatu cha kushoto na cha kulia, kwa kuwa mapindo yao yanaelekea pande tofauti, hushikwa na upepo na maji kwa namna tofauti, hata vikaishia fukwe tofauti. Talaka ya kandambili, kumbe, ina sababu za kisayansi.

Si mara ya kwanza kwa pwani hii kuishi kwa vya kuokota. Al-Masudi, aliyefariki mwaka 956, ameisifu ambari ya bahari ya Zanji, na vilevile amesimulia juu ya ngamia wa pwani ya kusini ya Arabuni waliofunzwa kuitafuta usiku wa mbalamwezi: ngamia akiiona, hupiga magoti, na mpandaji hushuka akaiokota. Tusisahau kwamba ambari ni kitu kinachotoka tumboni mwa nyangumi, na kwamba katika hali yake ya mwanzo haina harufu ambayo mstaarabu angependa kuijadili mezani. Ni safari ya baharini, jua na chumvi, ndiyo iliyoigeuza uturi wa wafalme. Vivyo hivyo sahani na bakuli za Kichina, ambazo hazikuokotwa bali ziliuzwa na kununuliwa, zilipofika kwetu zilipandishwa cheo. Zilitoka kwao zikiwa vyombo vya kulia, zikafika hapa zikawekwa katika vidaka vya majumba ya Lamu, na nyingine zikapachikwa katika nguzo ya kaburi kule Mambrui. Wataalamu wa mambo ya kale huja kuzipiga picha kwa heshima kubwa. Sijamwona bado anayepachika kandambili ya Kichina kaburini mwa babu yake, ingawa nayo imetoka huko huko na imevuka bahari ile ile bila nahodha.

Hapo ndipo mwalimu wa fasihi anapoanza kujikuna. Ni nani anayeamua kwamba hiki ni turathi na kile ni takataka? Tuliwahi kulumbana kwa miaka mingi juu ya kile tulichokiita fasihi pendwa, tukiuliza kama riwaya za mapenzi na upelelezi zilizouzwa vituo vya basi zilistahili kukaa rafu moja na diwani za washairi wetu wakubwa. Wengi wetu tulizisoma usiku na kuzilaani mchana. Kigezo chetu, tukisema kweli, kilikuwa kilekile cha bakuli na kandambili: kitu kilichofika zamani na kwa uchache ni sanaa, kilichofika jana na kwa wingi ni taka.

Watoto wa sehemu hizi hawakutusubiri tuamue. Mwaka 1997 Julie Church, Mkenya aliyekuwa akishughulikia hifadhi ya bahari katika eneo la Kiunga, aliwaona watoto wa Kiwayu wakizikata kandambili zilizotupwa na bahari na kuzifanya vitu vya kuchezea. Aliwahimiza mama zao wazikusanye, wazioshe, wazigeuze bidhaa za kuuza. Kutoka hapo ilikuja kuzaliwa kampuni iitwayo Ocean Sole, yenye karakana Nairobi, ambako vipande vya kandambili hugandishwa kwa gundi mpaka vikawa gogo la rangi nyingi, na mafundi, miongoni mwao waliokuwa wachongaji wa miti, huchonga humo ndovu, twiga na kasa. Mwezi Septemba 2018 Lamu ikashusha majini jahazi la mita tisa liitwalo Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki ya kuokota chini ya fundi Ali Skanda na kuvishwa kandambili zipatazo 30,000. Mapema mwaka 2019 likasafiri hadi Unguja. Haya ni mambo ya kupongezwa, nami nampongeza kila aliyehusika.

Lakini msomaji auangalie mpangilio wa matukio. Kwanza ulikuja mchezo. Ujumbe ulikuja baadaye, ukaja na fomu zake, mikutano yake na wafadhili wake, na leo ukiisoma habari hii popote utaukuta ujumbe umekaa kiti cha mbele na mchezo umesimama nje mlangoni. Niliwahi kuwapelekea wanafunzi wangu kigari cha kandambili nilichokuwa nimepewa Mkokoni, nikawataka wakihakiki kama wanavyohakiki shairi. Wote, bila kubakiza hata mmoja, waliandika kwamba dhamira kuu ni uchafuzi wa mazingira. Watatu waliongeza utandawazi, na mmoja, ambaye nadhani atafika mbali, akataja ukoloni mamboleo. Hakuna aliyeandika kwamba gurudumu la nyuma lilikuwa kubwa kuliko la mbele, kwa makusudi, ili kigari kionekane kila wakati kinateremka mlima. Mkokoni hakuna mlima. Yule mtoto alikuwa amebuni kitu ambacho ufuo wake haukumpa, na huo ndio ubunifu tunaoufafanua darasani kila muhula.

Bahari ya pili inayoleta vitu bila anwani ni simu. Mtandao ukikubali, mtu huketi chini ya mti Mkokoni akapokea kwa WhatsApp paka anayecheza ngoma, dawa ya sukari ya kitunguu saumu, na onyo kwamba asiyeutuma ujumbe huu kwa watu kumi ataona mkosi kabla ya Ijumaa. Huwa tunalalamika kwamba haya ni maajabu mapya yaliyoletwa na intaneti. Si mapya hata kidogo. Mwaka 1908 ilienea Lindi na sehemu za kusini za koloni la Wajerumani barua iliyosemekana kutoka Makka. Ilisimulia ndoto ya Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume huko Madina, aliyeonywa kwamba Waislamu wamepotoka na Kiyama kimekaribia; atakayeinakili na kuipeleka mbele atapata thawabu, atakayeipuuza atajuta. Waraka wa namna hiyo ulikuwa umekwisha kuzunguka nchi nyingi tangu karne ya 19, hata Indonesia, nami nimeupokea kwa simu, jina la Sheikh Ahmad likiwa bado limo, umeongezewa tu picha za maua.

Wajerumani walifanya nini na barua ile? Waliisoma kama sisi. Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha mwaka 1907 tu, na watawala wakaona uasi katika kila mstari. Waliwatafuta waenezaji, wakatafuta njama. Yamkini wako walioinakili kwa imani, na wako walioinakili kwa tahadhari tu, kama mtu anayetuma ujumbe kwa watu kumi huku akicheka, maana huwezi kujua. Cheko la mtu wa namna hiyo halikuwa na faili lake.

Nimesema haya kwa utani, ila lipo linaloniudhi kidogo. Anayelitafuta jina la Kiwayu katika intaneti hukutana mapema na mambo mawili: shambulio la Septemba 2011, ambapo mtalii wa Kiingereza aliuawa na mkewe akatekwa katika hoteli moja ya karibu, na habari za kandambili. Lile la kwanza ni msiba, na lilileta misiba mingine, maana watalii walitoweka na wavuvi wakazuiliwa kuvua usiku. La pili ni funzo. Mkokoni yenyewe haitajwi ila kwa nadra, kama jirani wa mahali pa msiba na funzo. Kati ya msiba na funzo hapana nafasi ya mzee aliyetwambia kwamba mikoko mingine imezaliwa nyuma, wala ya mama aliyezihurumia kandambili kwa kukosa kadhi. Watu wanaojulikana kwa misiba na mafunzo tu huishia kuhurumiwa na kufundishwa. Fasihi yao hukusanywa kwa haraka kabla haijafa, kisha huhakikiwa kana kwamba imekwisha kufa.

Safari yangu ya mwisho niliwakuta wavulana wawili maji yakiwa yamejaa, kila mmoja na dau lake la kandambili, tanga la mfuko wa unga, mlingoti wa kijiti. La mmoja lilikuwa la buluu, la mwenzake jekundu. Niliuliza, kwa mazoea, linawakilisha nini. Walitazamana. Mkubwa wao akaniambia kwa upole anaostahili mgeni, "Maalim, hili ni la kushoto. Lataka kwenda kule," akaonyesha kwa mkono. Alilitia majini, nalo likaenda kule. Jekundu ndilo lilikuwa la kulia, nikapewa mimi nilishike mpaka nihesabiwe tatu. Nililiachia. Lilijipinda upande wake, likashika upepo, likapotelea mikokoni.