Kuta Zimebomoka, Sulhu Imebaki

Tangu turejee kutoka Uturuki tumeulizwa swali moja, barazani na hata baada ya swala: sheikh alikuwa na haja gani na magofu ya watu walioabudu masanamu? Kuzuru misikiti ya Istanbul kunaeleweka, lakini Hattusa ina nini? Swali hili ni la haki, na linastahili jibu mbele ya wasomaji wetu wote.

Qur'ani Tukufu imetuhimiza mahali pengi kutembea katika ardhi na kuangalia mwisho wa waliotutangulia. Mtume wetu (S.A.W.) naye, alipopita Hijr kwenye maskani ya Thamud, aliwafundisha masahaba wake wasiingie humo ila kwa kulia na kuogopa. Tunajifunza hapo kwamba kuzuru magofu kuna adabu yake. Muumini haendi kustaajabia ukubwa wa watu wala kujipumbaza, huenda kuzingatia. Kwa nia hiyo tulifunga safari.

Hattusa iko karibu na mji mdogo wa Boğazkale, mwendo wa yapata kilomita 200 kutoka Ankara. Ulikuwa mji mkuu wa Wahiti, ambao Waarabu huwaita Hithiyyun, waliotawala nyanda za Anatolia kwa zaidi ya miaka 400. Ukuta wao ulizunguka mji kwa zaidi ya kilomita 6, ukipanda na kushuka vilima. Kwenye lango moja wamesimama simba wawili wa mawe, vinywa wazi, kana kwamba bado wanamngojea adui. Chini ya boma la kusini, mahali paitwapo Yerkapı, tulipita katika njia ya mawe yenye urefu wa mita 70 hivi, tukatokea upande wa pili wa ukuta.

Lakini ukuta ule na simba wale havikuuokoa mji. Yapata mwaka 1200 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.) wenyewe walihama, majumba yakaungua, na jina lao likasahaulika kwa karne nyingi. Mwendo mfupi kutoka hapo ni Yazılıkaya, ambapo miungu yao imechongwa kwenye mwamba, imejipanga safu kwa safu. Ilisimama papo hapo mji ulipokuwa ukiteketea, wala haikuinua mkono. Tulisoma Suratul Ikhlas kimoyomoyo, tukaendelea na njia yetu.

Lililotugusa zaidi lilikuwa jambo dogo kuliko kuta hizo. Mwaka 1906 wachimbaji walianza kufukua hapo vibao vya udongo vilivyoandikwa kwa alama zenye umbo la kabari. Tuliosomea chuoni kwa ubao na wino tunajua mapenzi ya mtu kwa ubao wake. Miongoni mwa vibao hivyo kulikuwa na nakala ya sulhu baina ya Hattusili wa Tatu, mfalme wa Wahiti, na Ramesses wa Pili, firauni wa Misri. Dola hizo mbili zilipigana vita vikali huko Kadesh, nchi ya Sham. Na baada ya miaka kama 15, yapata mwaka 1259 kabla ya Nabii Isa, zikaandikiana mkataba. Ziliahidiana kutoshambuliana, kusaidiana, na kurudishiana wakimbizi, kwa sharti kwamba anayerudishwa asiadhibiwe, wala nyumba yake, wake zake na watoto wake wasidhuriwe. Mkataba wenyewe uliandikwa kwenye bamba la fedha, na malkia Puduhepa, mke wa mfalme, alitia muhuri wake pamoja na wa mumewe. Bamba la fedha limepotea. Kilichobaki ni udongo, nao umehifadhiwa katika makumbusho ya Istanbul.

Kutoka hapo tulielekea Amasya, mji uliobanwa na majabali pande mbili za mto. Juu yamechongwa makaburi ya wafalme wa Ponto. Chini upo msikiti wa Sultan Bayezid wa Pili, uliokamilika mwaka 1486, ambamo tuliswali Adhuhuri. Katika mji huu, mwaka 1555, Sultan Süleyman na Shah Tahmasp wa Uajemi walifunga sulhu baada ya vita vya zaidi ya miaka 20, na mahujaji wa Kiajemi wakapewa amani ya kwenda Makka na Madina. Ardhi ni ile ile ya Anatolia, na karne zaidi ya 28 zimepita baina ya sulhu mbili. Njia ilikuwa moja: kukaa chini na kuandika.

Hili ndilo jibu letu kwa walioturuhusu safari na kwa waliotulaumu. Mara nyingi tunaitwa kusuluhisha ndugu wa tumbo moja wasiosalimiana kwa ajili ya shamba la minazi. Marehemu baba aligawa kwa mdomo, mashahidi wamekufa, na kila mmoja anakumbuka lake. Watu hao wanasoma Qur'ani ambayo aya yake ndefu kuliko zote inaamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe. Wahenga wetu nao walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi wazee, andikeni mgawanyo wa viwanja na deni mlilo nalo, mkiwa hai na wenye akili timamu. Wake zenu wajue kilichoandikwa, na karatasi iwekwe mahali panapojulikana. Ukuta wa nyumba utakuja kuanguka siku yake; ugomvi wa watoto ndio unaoweza kuzuiwa leo. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa watu wa sulhu. Amin.