Tabibu wa Entarara na Mpaka wa Elimu Yake



Baada ya kumhimidi Mola wetu na kumtakia rehema Mtume wake, twapenda kuwasimulia wasomaji, hasa mama zetu, safari iliyotufunza jambo. Ahli yetu ametupa idhini ya kuyaandika haya, akitaraji kwamba yatamfaa mwenye kuyasoma.

Tulitoka Pwani kuwazuru jamaa zetu wa Kitengela. Kwa aliyezoea minazi na unyevu wa bahari, nchi ya Kajiado ni ngeni: uwanda mkavu, migunga iliyosimama mbalimbali, na mifugo ikiongozwa na vijana wenye shuka nyekundu. Ahli yetu alikuwa akikohoa kwa muda wa mwezi mzima. Asali, tangawizi na habbasoda hazikufua dafu. Jamaa wakatushauri twende Entarara, kwa bibi mmoja wa Kimaasai ajulikanaye kwa mitishamba.

Tulimkuta kivulini, magome na mizizi imeanikwa mbele yake. Alitutajia moja moja: olkiloriti, ambao ni aina ya mgunga, gome lake huchemshwa katika supu ya nyama kulisaidia tumbo, oloisuki ni ya mafua na kikohozi, na esukuroi ndio mshubiri wetu. Tulipomuuliza amejifunza wapi, alisema alianza utotoni kwa kumfuata bibi yake malishoni. Miaka ya mwanzo hakuruhusiwa kumpa mtu dawa. Kazi yake ilikuwa kuutambua mti kwa jani, harufu na ladha, na kubandua gome upande mmoja tu, kwani mti uliochunwa mzingo mzima hufa. Baadaye ndipo alipofundishwa vipimo, na nani asipewe: mja mzito, mtoto mchanga, mtu aliyedhoofika. Sisi tuliolelewa chuoni tuliielewa njia hiyo. Mwanafunzi husoma mbele ya mwalimu, hukosolewa, wala hafundishi mpaka apate ijaza.

Tukangoja dawa. Badala yake, bibi alituomba kwa adabu tutoke nje, abaki na mgonjwa wake.

Hakumuuliza jina la mama yake, wala hakumtazamia nyota. Alimuuliza anakula nini, analala vipi, nani humsaidia kazi za nyumba, na dawa gani za hospitali anazozimeza. Tulipoitwa ndani, tulisikia tusiyoyajua: ahli yetu alikuwa akilowa jasho usiku na kupungua mwili, naye alituficha asije akatutia hofu. Tuliona haya, kwani twalala chumba kimoja.

"Mzee," alisema yule bibi, "dawa ya kutuliza kifua ninayo. Lakini kikohozi cha mwezi mzima pamoja na jasho la usiku si kazi yangu. Nikikituliza, nitauficha ugonjwa. Mpeleke hospitali akapimwe makohozi." Hakupokea hata shilingi.

Majibu yalikuwa kifua kikuu. Dawa zake hutolewa bila malipo katika hospitali za serikali, na matibabu kwa kawaida huchukua miezi 6. Sisi na watoto tulipimwa pia. Alhamdulillah, ahli yetu amemaliza dozi na amepona.

Imepokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba ajitiaye utabibu bila ya kujulikana kwa elimu hiyo hubeba dhamana ya madhara atakayoyaleta. Nayo Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inautambua utabibu wa jadi, na inataka uwepo utaratibu wa matabibu hao kuwapeleka wagonjwa hospitali. Yule bibi hakututajia hadithi wala sheria. Aliujua mpaka wa elimu yake, akasimama hapo.

Basi, mama zetu, mwendeapo kwa mwenye mitishamba, muulizeni nani alimfundisha, na dawa yake haimfai nani. Msimfiche daktari mlichokunywa nyumbani. Kikohozi kikipita wiki 2, kapimeni. Na sisi waume, tuwaulize wake zetu wamelalaje, kabla hajatuuliza mgeni.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.