Mdogo Si Mtoto

Wanachama wenzangu, ufupi wangu mnaujua. Niko kidato cha tatu, lakini hapa Kitale makanga wa matatu bado husema, "Huyo mtoto apakatwe!" Labda ndiyo sababu niliudhika likizo iliyopita nyumbani Bungoma, siafu walipopita uani na kukhu akasema ati wale wadogo ni watoto, wanafuata mama zao.

"Kukhu, siafu hukua akiwa buu," nikamwambia. "Akishapata miguu, basi. Mdogo atakufa mdogo."

"Nani alimpima?"

Nikapima mimi. Niliwachota 40 kwa kijiti (na siafu akiuma haachi, jamani!), nikawazamisha katika maji ya sabuni, kisha nikawalaza juu ya karatasi ya grafu. Wa chini alikuwa milimita 3, wa juu 10, na katikati walijaa wa kila kimo, bila pengo. Kukhu akaitazama karatasi. "Si ndivyo watoto hukua? Polepole, hatua kwa hatua."

Hoja nzito hiyo. Nilirudi nayo shuleni, na jibu nikalipata kwa maji moto, wale chungu wa pwani wanaoshona majani ya miembe kwa nyuzi za mabuu yao. Vibarua wao ni makundi mawili. Wakubwa, kama milimita 8 hadi 10, huwinda, hulinda na kushona. Wadogo, karibu nusu ya urefu huo, hubaki kiotani kulea mayai na mabuu. Wa katikati ni haba mno. Sasa, kama mdogo angekua awe mkubwa, si tungewakuta wengi njiani?

Na mambo haya si ya jana. Katika kisiwa cha Mfangano, Ziwa Victoria, Mary Leakey alipata mabaki ya koloni ya jamaa zao yaliyogeuka mawe: vipande 366, wakiwemo mabuu na pupa, vyenye umri wa zaidi ya miaka milioni 15. E. O. Wilson na R. W. Taylor walivipima na kuchapisha matokeo mwaka 1964. Chungu hao waliitwa Oecophylla leakeyi. Vibarua walikuwa makundi mawili vilevile, wakubwa kwa wadogo! Hebu fikiria, mtu kupima kichwa cha chungu kilichogeuka jiwe.

Kukhu bado hajaridhika. Anasema hao ni wa pwani na wa ziwani, si wa kwake. Basi mwenye jamaa Kwale au Kilifi aniletee maji moto 40 katika chupa ya spiriti. Karatasi ya grafu ninayo.