Tone la Kila Saa

Mlangoni mwa wodi ya wagonjwa mahututi unavua viatu, unapewa kandambili na gauni la kijani, unanawa mpaka viwikoni. Ndani kuna baridi ya kiyoyozi na harufu ya spiriti iliyochanganyika na klorini. Vitanda sita. Kila kimoja kimezungukwa na mashine ya kupumulia, monita na pampu za sindano zilizopandana kwenye chuma cha dripu. Milio haikomi.

Kati ya mitambo yote hiyo, nilichokuja kukitazama kinaenea kiganjani.

Saa nane mchana. Sista wa kitanda cha tatu anafungua kichupa cha stripu za kupimia sukari, anatoa moja na kukifunga hapo hapo. Unyevu wa Dar es Salaam huziharibu. Mgonjwa ni mzee aliyelazwa usingizi kwa dawa, mikono imevimba hadi vidole vinang'aa. Damu ya kidole kilichovimba hivyo hudanganya, kwa hiyo sista hamchomi. Anavuta damu kwenye mrija ulioingizwa katika ateri ya mkono, anagusisha stripu tone dogo kuliko punje ya mtama. Glukomita, kile kidude kinachoenea kiganjani, inahesabu sekunde. Milimoli 11.8 kwa lita.

"Huyu hana kisukari, kaka," ananiambia. "Ni mwili tu unapambana."

Maradhi makali huamsha homoni zinazolifanya ini limwage sukari, hata kama mtu hajala. Sista anaongeza kasi ya pampu ya insulini: uniti 50 katika mililita 50 za maji ya chumvi, zikisukumwa taratibu kiasi kwamba jicho halioni mwendo. Hapa wanalenga kati ya 7.8 na 10.

Zamani walibana sukari zaidi. Utafiti wa Ubelgiji wa mwaka 2001 ulizifanya wodi nyingi duniani zilenge kati ya 4.4 na 6.1. Mwaka 2009 utafiti mwingine, wa wagonjwa zaidi ya 6,000, ukaonyesha kuwa waliobanwa hivyo walikufa zaidi, na sukari iliwashuka mno mara nyingi zaidi. Kushuka ndiko kunakonitisha mimi. Aliye macho atatetemeka, atatoka jasho, atalalamika njaa. Mzee huyu hatasema lolote. Kwenye trei, glukosi ya asilimia 50 imewekwa tayari.

Sista anajaza chati, kisha anatikisa kichupa. Stripu huja hamsini hamsini. Wagonjwa wawili wa kupimwa kila saa wanakimaliza kwa siku moja na kidogo. Anachukua daftari la stoo, anaomba viwili.