Wanaopinga Jukwaani

Sisi tuliokulia Busia husikiliza kampeni mbili. Wakenya hupiga kura mwezi wa Agosti, Waganda mwanzoni mwa mwaka, na kipaza sauti hakiombi kibali cha kuvuka mpaka. Nimewasikia wanasiasa wa pande zote wakibishana juu ya ushuru wa mayai, bei ya sukari, samaki wa ziwani na waendeshaji boda boda (neno hilo, tusisahau, lilizaliwa hapa hapa, watu walipobebwa kwa baiskeli kutoka kizuizi hadi kizuizi). Juu ya kutoa mimba sijawahi kuwasikia wakibishana. Rangi ya manjano huku ni ya NRM na kule ni ya UDA, na zote mbili, pamoja na rangi nyingine zote nilizowahi kuziona kwenye fulana za bure, zinapinga.

Katika insha hii sitajadili kama wanakosea au wanapatia kupinga. Wasomaji wenzangu wana dini zao na dhamiri zao, nami nina yangu. Ninachouliza ni kama chama kinachosema jambo hili hulifanya.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Kenya. Tarehe 4 Agosti 2010 wananchi walipiga kura ya maamuzi juu ya katiba mpya, kijani kwa Ndiyo na nyekundu kwa La. William Ruto, aliyekuwa waziri wakati huo, aliongoza La bega kwa bega na makanisa mengi, na sababu moja kubwa waliyoitoa ilikuwa Kifungu cha 26. Kifungu hicho kinasema kutoa mimba hakuruhusiwi, kisha kinaongeza "isipokuwa": mhudumu wa afya aliyehitimu akiona kwamba matibabu ya dharura yanahitajika, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Kambi ya Ndiyo ya Mwai Kibaki na Raila Odinga nayo haikusimama kutetea kutoa mimba. Ilijibu kwamba katiba inakataza, someni wenyewe. Kwa hiyo pande zote mbili zilikuwa zinapinga, na zilichogombania ni nani anapinga zaidi.

Ndiyo ilishinda kwa asilimia 67 hivi. Miaka mitatu baadaye Ruto akawa Naibu Rais, na Septemba 2022 akaapishwa kuwa Rais. Kifungu cha 26 kipo vile vile. Mtu atasema, na ana hoja, kwamba kifungu hicho kimo katika Sheria ya Haki na hakibadilishwi bila kura ya maamuzi. Lakini wakuu wa nchi walipotaka kurekebisha katiba kwa mpango wa BBI, walikusanya saini mamilioni na kuandika mapendekezo chungu nzima juu ya vyeo na majimbo. Kutoa mimba hakukuguswa. Wala sijasikia kwamba wale walioupinga mpango huo waliupinga kwa sababu uliacha kukigusa.

Basi je, hawakufanya lolote? Walifanya, tena jambo lililoumiza, ila lilifanywa kimya kimya katika karatasi za wizara. Mwaka 2012 Wizara ya Afya ya Kenya ilitoa mwongozo wa kuwaeleza wahudumu ni lini Kifungu cha 26 kinawaruhusu kumsaidia mwanamke. Desemba 2013 ikauondoa, na mwanzoni mwa 2014 ikapiga marufuku mafunzo yenyewe. Ilichukua hadi Juni 2019 kwa majaji watano wa Mahakama Kuu kusema kwamba kuuondoa kulivunja sheria. Uganda, Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wake mwaka 2015. Viongozi wa dini walipolalamika, ukasimamishwa baada ya miezi michache. Katiba ya Uganda ya 1995 inakataza kutoa mimba "isipokuwa kama sheria inavyoruhusu", na Bunge, ambalo NRM imekuwa na wengi ndani yake miaka yote hii, halijatunga sheria ya kueleza inaruhusu nini. Oktoba 2020 Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi sita zilizodhamini Tamko la Geneva la kupinga kutoa mimba, pamoja na Marekani ya Donald Trump. Kenya nayo ikatia saini. Kutia saini kunahitaji kalamu tu.

Hapa ndipo ninapoona ujanja. Chama hakibadilishi sheria, kwa kuwa kubadilisha sheria ni mjadala, na mjadala una takwimu. Utafiti wa Kenya wa 2012 ulikadiria mimba 465,000 hivi zilizotolewa kwa mwaka mmoja, na wanawake karibu 120,000 waliotibiwa madhara katika vituo vya afya. Kwa Uganda makadirio ya 2013 yalikuwa zaidi ya 314,000, na waliotibiwa kama 93,000. Nani anataka kusimama bungeni na hesabu hiyo mkononi? Ni rahisi zaidi kuiacha sheria na kuinyima maelezo.

Nawajua wanaolipa. Binti wa jirani yetu, upande wa Kenya, alikuwa kidato cha tatu shule zilipofunguliwa baada ya korona. Alivuka kwenda ng'ambo kwa kuwa mtu alimwambia kule ni sawa. Si sawa. Mwingereza alizishonea nchi hizi mbili nguo ya kitambaa kimoja: miaka 14 kwa anayetoa mimba, 7 kwa mwanamke mwenyewe, 3 kwa anayeleta vifaa, namba zile zile kulia na kushoto kwa mpaka. Alirudi akivuja damu. Katika kituo alichopelekwa, ambacho sitakitaja, waliulizana kwanza kama polisi waitwe, na muda mrefu ukapita huku mama yake akishikilia khanga iliyolowa. Kifungu cha 26 kilikuwa kinawaruhusu kumgusa dakika ile ile, kwa maneno ya wazi kabisa, "matibabu ya dharura". Hakuna aliyewafundisha. Alipona, lakini shuleni hakurudi.

Baadaye mwaka ule mheshimiwa mmoja alikuja kwenye harambee ya kanisa na kusema chama chake hakitaruhusu damu ya wasio na hatia. Watu wakapiga makofi. Mama yule, anayeuza omena sokoni (wenzake wa Uganda huwaita mukene), aliuliza kwa sauti ya chini, "Na kulea, chama kitalea?" Nilikuwa nimeketi nyuma yake.

Swali lake ni kipimo kizuri kuliko changu. Anayepinga kutoa mimba kwa dhati angeonekana kwenye wodi ya wazazi na kwenye lango la shule. Kenya ilijaribu: kujifungua bure katika vituo vya umma kulitangazwa 2013, na Linda Mama ikafuata. Nalihesabu hilo kama ahadi iliyotimizwa kiasi. Kisha NHIF ikafungwa, SHA ikaanza Oktoba 2024, na akina mama wakarudi kuuliza nani amesajiliwa na nani amelipa. Uganda ilipofungua shule Januari 2022 baada ya karibu miaka miwili, serikali iliagiza wasichana wajawazito wapokewe. Kuna viongozi wa dini waliokataa. Na ni viongozi wa dini waliokuwa wamelalamika juu ya mwongozo wa 2015. Msichana asitoe mimba na asionekane nayo darasani: sijui walitaka asimame wapi.

Shangazi yangu ni mkunga Tororo. Mwaka jana nilimwuliza kama aliwahi kuuona ule mwongozo wa 2015. Alisema aliusikia redioni, siku ile ile aliposikia kwamba umesimamishwa. Ukutani mwake ana bango la malaria, la kunawa mikono na la chanjo. Wasichana wa kutibiwa hufika usiku, alisema, wengine na vitambulisho vya Kenya, naye huwahudumia kwanza, kisha ndipo huanza kuogopa.