Mchezo wa Kisiwa cha Catan

Mtu aliyezoea bao huona mambo mageni akiketi mara ya kwanza mbele ya mchezo wa Catan, uliotungwa Ujerumani. Bao ni la watu wawili. Lina mashimo 32 na kete 64, wala hakuna dadu; kwa hiyo ashindwaye hawezi kuilaumu bahati, atajilaumu mwenyewe. Wachezaji wa Catan ni watatu au wanne, dadu hurushwa kila zamu, na watu husemezana tangu mwanzo hata mwisho kama wauzaji na wanunuzi sokoni. Mpenda michezo aliyeucheza miaka mingi atakuambia ya kwamba dadu peke yake hazimpi mtu ushindi, wala akili peke yake, bali hutazamwa pia jinsi anavyokaa na wenzake mezani.

Mtungaji wake alikuwa Klaus Teuber, aliyezaliwa mwaka wa 1952 na kufariki mwaka wa 2023. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia karibu na mji wa Darmstadt, wala kazi hiyo haikumfurahisha. Basi alikuwa akishuka katika chumba cha chini ya nyumba yake, akabuni michezo, kisha akawapelekea mkewe na watoto wake waijaribu. Catan ilitolewa mwaka wa 1995, na mwaka huo huo ikapewa tuzo ya Ujerumani iitwayo Spiel des Jahres, maana yake Mchezo wa Mwaka. Tangu hapo yameuzwa masanduku zaidi ya milioni 40 katika nchi nyingi.

Kisiwa chenyewe ni vipande 19 vya karatasi ngumu, kila kimoja kina pembe sita, navyo huweza kupangwa upya kila mara, hata kisiwa cha leo kisifanane na cha jana. Iko misitu itoayo mbao, malisho yatoayo sufu, mashamba ya ngano, vilima vya udongo wa matofali, milima yenye madini, na jangwa moja lisilozaa kitu. Kila kipande, isipokuwa jangwa, hupewa namba. Dadu mbili zikirushwa na jumla yake ikawa 8, kila mwenye kijiji kando ya namba 8 hupokea karata ya mazao ya mahali hapo, hata kama zamu si yake.

Hapa yafaa hesabu kidogo. Dadu mbili zaweza kuanguka kwa namna 36. Jumla ya 12 hutokea kwa namna moja tu, yaani 6 na 6. Jumla ya 8 hutokea kwa namna 5, na 7 kwa namna 6, kupita zote. Kwa hiyo ajengaye penye 12 hungoja kama mkulima aliyepanda penye ukame. Lakini ajengaye penye 8 naye asijivune, maana ziko siku ambazo 12 huja mara tatu mfululizo na 8 isionekane kabisa. Watoto hucheka sana siku hiyo.

Njia hujengwa kwa mbao na matofali. Kijiji kwa mbao, matofali, sufu na ngano. Mji kwa madini matatu na ngano mbili. Ni shida mtu kuvipata vyote katika ardhi yake. Mmoja ana sufu tele, hana tofali hata moja. Aweza kubadilisha katika hazina ya mchezo, lakini asipokuwa na bandari hutakiwa karata nne za namna moja ili apewe moja, nayo ni bei ya kuumiza. Afadhali amgeukie jirani: “Nani ana tofali? Nampa sufu mbili.”

Hapo ndipo penye utamu. Ukimpa tofali utapata sufu, lakini naye atajenga njia, pengine akakuzibia pwani uliyoitamani. Ukimnyima, nyote wawili mtakaa na karata zisizofaa, na wa tatu atawapita. Wako wabahili wasiotoa kitu ila wapewe maradufu. Hao hufanikiwa zamu mbili tatu, kisha wenzao huacha kuwaita. Tena aliyetangulia sana huona soko likimfungia mlango: akifika alama 8, hakuna amwuziaye.

Na mnyang'anyi yupo. Ikitokea 7, kila mwenye karata zaidi ya 7 hutupa nusu, na aliyerusha dadu huichukua kete ya mnyang'anyi akaiweka juu ya shamba apendalo. Shamba hilo huacha kuzaa, na mmoja wa wenye kijiji kando yake huibiwa karata. Tazama baba achezaye na watoto wake, mnyang'anyi yumo mkononi mwake. Mtoto mkubwa ndiye aongozaye, lakini mdogo ndiye mwenye ngano aitakayo baba. Watoto wamkazia macho. Akimwonea mdogo, zamu ijayo atakapotaka tofali ataliomba kwa nani?

Monopoly, iliyoanza kuuzwa sana Marekani mwaka wa 1935, haiko hivyo. Asili yake ni mchezo wa bibi Lizzie Magie, aliouandikisha kwa serikali mwaka wa 1904 ili aonyeshe jinsi wenye ardhi watajirikavyo kwa kodi za wapangaji. Katika Monopoly afilisikaye hutoka, akakaa kando kuwatazama wengine, pengine saa nzima. Katika Catan hakuna atolewaye, wala kijiji kilichojengwa hakibomolewi. Hata aliye nyuma ya wote ana kitu cha kuuza, na kwa hiyo huombwa mpaka mwisho.

Jambo moja laweza kumsumbua msomaji wa Afrika: kisiwa hiki hakina wenyeji. Wachezaji hufika wakagawana nchi kana kwamba ilikuwa ikiwangoja. Teuber aliwaza habari za mabaharia wa Kaskazini waliohamia Aislandi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na kweli nchi ile ilikuwa karibu tupu. Lakini nchi za namna hiyo ni chache duniani, na mwalimu awachezeshaye wanafunzi angefanya vema kulisema hilo kabla ya dadu kurushwa.

Wengine walitunga michezo isiyo na ushindani kabisa. Katika Pandemic, kazi ya Matt Leacock wa Marekani iliyotolewa mwaka wa 2008, wachezaji hupigana pamoja na magonjwa manne, wakashinda wote au wakashindwa wote. Ni mchezo mzuri, ila mara nyingi mjuzi mmoja huanza kuwaamuru wengine, nao hubaki kusogeza kete kama walivyoambiwa. Katika Catan mjuzi naye hana budi kuomba.

Alama 10 ndizo zimalizazo mchezo. Mshindi akiisha kutangaza, wengine hufunua karata walizozificha, na pengine huonekana ya kuwa mmoja wao alikuwa amepungukiwa na tofali moja tu, lile alilonyimwa.