Mali Bila Daftari

Wahenga hawakukosea walipolonga kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la leo, hata hivyo, limebadili sura. Na achukuliwe mwenye duka wa Dabaso, kando ya Hori ya Mida, aliyejinunulia kisomeo cha msimbopau, yaani ile mistari myeusi iliyochapwa kwenye pakiti ya unga na karatasi ya sabuni. Jioni hupita rafu baada ya rafu akihesabu bidhaa, na kisomeo huzihifadhi namba zote tumboni mwake. Kinachobaki ni kuzihamishia katika kompyuta inayoendeshwa kwa Linux, mfumo huru ulioasisiwa na Linus Torvalds mwaka 1991.

Wengi hudhani kwamba kazi hiyo yahitaji programu ya kununua. La hasha! Visomeo vingi, vikiunganishwa kwa waya wa USB, hujitambulisha kwa kompyuta kama kibodi. Mwenye duka hufungua ukurasa mtupu, akamulika msimbo wa kutuma uliomo katika kijitabu cha maelezo, na namba zikajiandika mstari kwa mstari. Vingine hujitambulisha kama diski yenye faili ya maandishi. Vingine tena huwa mlango wa mawasiliano, kama vile /dev/ttyACM0 au /dev/ttyUSB0, ambao husomwa kwa amri fupi ya cat. Amri ya dmesg hufichua kifaa kimejitambulisha vipi. La muhimu ni kuhifadhi nakala kabla ya kufuta kumbukumbu ya kisomeo, na kuziingiza namba katika jedwali kama maandishi, la sivyo sifuri za mwanzo zitatoweka.

Hata hivyo, kilichopatikana ni tarakimu tupu. Namba inayoanza na 616 hudokeza kuwa ilisajiliwa Kenya; haithibitishi kuwa bidhaa ilitengenezwa Kenya. Kisomeo hakijui sukari wala chumvi. Majina yamo katika jedwali ambalo mwenye duka ameliandika kwa mkono wake. Aidha, nazi, maembe na kaa wa Mida hawana mistari. Wasipopewa namba, daftari litashuhudia kwamba Dabaso huuza vitu vya viwandani pekee, na jasho la wakulima na wavuvi wake halitahesabiwa. Tiba ipo: namba zinazoanza na 20 hadi 29 zimetengewa matumizi ya ndani, hivyo duka laweza kujipangia na kujichapia zake.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohitajika. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ukathibitisha kwamba jedwali la kompyuta laweza kusema Kiswahili. Mashine itahesabu usiku kucha bila kuchoka. Kuipa kila namba jina ambalo mwenye duka, mteja na mvuvi wote wanalielewa ni kazi ya wenye lugha.